Sindano za umeme kwa mtu aliyepooza: zinaweza nini, haziwezi nini?



Kwenye dispensari yetu swali moja linarudi kila juma. Watu wamesikia kwamba wapo waganga wa Kichina wanaotibu waliopooza kwa sindano nyembamba zilizofungwa kwenye mashine ya umeme. Wamesikia kwamba fulani alipelekwa akibebwa na akarudi kwa miguu yake. Wengine wametuonyesha picha katika simu. Basi wanauliza: ni kweli? Je, jamaa ikusanye pesa, tumpeleke mzee wetu?

Swali hili si la mchezo. Mwanaume anayeendesha kamyo leo, kesho asubuhi anaamka mkono na mguu wa upande mmoja havimsikii, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Kazi inasimama. Bibi yake anakuwa mikono yake na miguu yake. Ndugu wanakuja na mashauri mengi, na kila shauri lina bei. Katika saa kama hiyo jamaa inaweza kuuza mabati ya nyumba kwa ajili ya tumaini. Ndiyo sababu tumeona inafaa kueleza jambo hili polepole, tusilisifu bure na tusilicheke.

Jibu fupi ni hili. Tiba hiyo ipo kweli, inaitwa elektroakupunktura, na si uchawi. Inafanywa katika hospitali kubwa za China na mahali pengine pa dunia. Inaweza kuwa msaada pembeni ya matibabu mengine. Lakini mpaka leo haijahakikishwa kwamba inamwinua aliyepooza, na haiwezi kukaa mahali pa vidonge vya tansio wala mahali pa mazoezi. Sasa tueleze kwa nini tunasema hivyo.

NI KITU GANI KIMEHARIBIKA?

Watu wengi wanafikiri ugonjwa uko katika mkono, kwa sababu mkono ndio usiotembea. Hapana. Mkono ni mzima. Kilichoumia ni ubongo, mahali panapotoka amri ya kuutembeza mkono. Na kwa kuwa nyuzi za amri zinapishana zinaposhuka kutoka kichwani, ubongo ukiumia upande wa kuume, ni mkono na mguu wa kushoto vinavyolala.

Ubongo unaumia kwa njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo inayoonekana zaidi, mshipa wa damu unazibwa, na sehemu ya ubongo iliyo mbele inakosa damu na kuanza kufa. Ya pili, mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Kwa nje wagonjwa wawili hawa wanafanana. Hakuna mganga, hata mwenye macho makali namna gani, anayeweza kuwatofautisha kwa hakika bila picha ya kichwa ya skana. Ndiyo maana tunawaomba msimpe mgonjwa aspirini kule nyumbani: ikiwa mshipa wake umepasuka, mtakuwa mmeongeza ubaya.

Ugonjwa huo ndio watu wetu wanaouita AVC. Mlango wake mkubwa ni tansio, maana yake damu inayosukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka mingi. Sukari na tumbaku vinausukuma mlango huo vilevile. Hata mtoto mwenye ugonjwa wa SS anaweza kupooza hivyo, na watu wengi wanamsingizia bibi kizee wa jirani mambo ya ulozi.

Kile kilichokufa katika ubongo hakifufuki. Basi namna gani wengine wanapona, tena vizuri? Ninyi wa chini ya ardhi mtaelewa upesi. Galeri ikianguka, mnafungua njia nyingine pembeni, mnapita, na kazi inaendelea. Ubongo nao unafanya hivyo. Sehemu zilizobaki nzima zinajifunza kidogo kidogo kazi ya sehemu iliyokufa. Njia ile mpya haifunguki kwa kulala. Inafunguka kwa kupita, na kupita tena, mara mia, mara elfu. Kazi hiyo inakwenda kwa nguvu zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, inaendelea mpaka mwezi wa sita, kisha inapunguza mwendo. Mkishika jambo hili moja, mengine yote tutakayosema yatakuwa wazi.

SINDANO ZENYEWE ZIMETOKA WAPI?

Wachina wanachoma sindano za kutibu tangu zaidi ya miaka 2000. Wazee wao walifundisha kwamba ndani ya mwili kuna nguvu inayopita katika njia zake, na kwamba ugonjwa ni njia iliyozibwa. Hospitali za leo hazina namna ya kuzipima njia hizo. Lakini zinajua kwamba sindano ikiingia katika nyama inaamsha mishipa ya fahamu, nayo inapeleka habari mpaka kichwani. Hilo linapimika.

Kuongeza umeme, watu wengi wanafikiri ni jambo la jana. Mfaransa Jean-Baptiste Sarlandière aliandika kitabu juu yake mnamo mwaka 1825, kabla ya taa ya umeme kuwaka katika nyumba yoyote ya dunia! Baadaye Ufaransa ikalisahau. Wachina ndio walioliinua tena, hasa tangu miaka ya 1950, walipoanza kutumia sindano kwa kupunguza maumivu ya wagonjwa wanaopasuliwa. Huko Beijing profesa Han Jisheng na wenzake walionyesha kwamba umeme wa mapigo 2 kwa sekunde na ule wa mapigo 100 kwa sekunde unaufanya mwili utoe dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu, na kwamba dawa hizo si za aina moja. Hayo ni ya maumivu, msiyachanganye na kupooza. Wengi wanaouza tiba hii wanayachanganya.

Afrika imezijua sindano hizo kwa njia ya vikundi vya waganga ambavyo China inatuma katika nchi zetu. Cha kwanza kilifika Algeria mwaka 1963. Katika nchi yetu, huko N'djili Kinshasa, iko hospitali ya urafiki wa China na Kongo. Na tangu makampani ya Kichina yalipoingia kwa wingi katika shaba na kobalti ya Katanga na Lualaba, watu wa kambi wanasikia habari za sindano kwa wenzao wa kazini.

NAMNA GANI WANAFANYA?

Sindano ni nyembamba sana, karibu robo moja ya milimita, si kama ile ya kuchoma penisilini. Haina tundu na haitii dawa yoyote. Kwa mtu aliyepooza, mganga anaichoma katika mkono na mguu uliolala: katikati ya kidole gumba na cha pili, kwenye kiwiko, kwenye bega, chini ya goti upande wa nje. Wengine wanachoma na ngozi ya kichwa. Mgonjwa anasikia uzito au ganzi, mara nyingine kama maji yanayotambaa. Kisha nyuzi mbili mbili zinashikishwa kwenye sindano kwa vibanio vidogo, na mashine inawashwa. Mganga anapandisha nguvu polepole mpaka msuli uanze kuruka wenyewe: tik, tik, tik. Mgonjwa anabaki hivyo dakika 20 au 30. Wanarudia mara mbili, tatu, hata tano kwa juma, kwa majuma mengi.

Ni hapo moyo wa jamaa unaporuka pamoja na msuli. Kidole kilicholala mwezi mzima kinatembea! Lakini tazameni vema: ni mashine inayokitembeza, si mgonjwa. Zimeni mashine, mwambieni akitembeze mwenyewe. Mkitaka kujua kama mtu anapona, pimeni hivyo.

Umeme wenyewe ni mdogo: miliampea chache tu, kwa mapigo mafupi kuliko kupepesa kwa jicho. Mafundi wetu wa umeme wanajua kwamba kile kifaa cha kulinda watu kinakata kwenye miliampea 30, kwa sababu umeme unaozidi hapo, ukipita kifuani, unaweza kuusimamisha moyo. Wanajua tena kwamba ngozi kavu inazuia umeme. Sindano imekwisha kuipita ngozi, iko katika nyama yenye maji na chumvi. Kwa hiyo betri ambayo unaishika mkononi bila kusikia kitu inaweza kumdhuru mtu aliyechomwa sindano. Tunasema hivi kwa sababu tunajua mikono ya watu wetu haitulii. Fundi anayetengeneza redio na pampu asimtengenezee baba yake mashine ya kupoozua kwa betri ya gari au kwa sharja ya simu. Hapana, hata kwa nguvu ndogo, hata kwa kujaribu tu.

JE, INAPONYESHA?

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo pesa ya jamaa inapoamuliwa.

Ukimtibu mtu aliyepooza kwa kitu chochote, hata kwa maji ya mto, miezi mitatu baadaye mara nyingi atakuwa afadhali. Ni kwa sababu ubongo wake umefungua njia zake wenyewe. Basi habari ya «fulani alichomwa sindano akatembea» haituambii kama zilikuwa sindano au miezi. Ni kama brigadi moja iliyopewa nyundo mpya na watu wawili wa kuongeza, ikatoa mawe mengi: nani atajua kama ni nyundo au ni watu? Ili kujua, ni lazima kuwe na brigadi mbili zinazofanana kwa yote, moja na nyundo mpya, nyingine na nyundo ya zamani.

Wasuedi walifanya hivyo. Katika mji wa Lund waliwachukua wagonjwa 78 waliopooza vibaya, wakawagawa kwa bahati. Wote walipata matibabu na mazoezi ya kila siku ya hospitali. Nusu waliongezewa sindano mara mbili kwa juma, kwa majuma kumi. Matokeo yaliandikwa mwaka 1993: waliopata sindano walisimama vizuri zaidi, walijivalisha na kujilisha vizuri zaidi, na walikaa siku chache hospitalini. Habari hiyo ilifurahisha watu wengi.

Lakini waganga walewale walikuwa na mashaka, na hapa tunawasifu. Waliochomwa sindano walikuwa wamepata pia kitu kingine: mtu wa kuwatazama, kukaa nao, kuwatia moyo mara mbili kila juma. Je, ni sindano au ni yule mtu? Wakaanza tena pamoja na hospitali nyingine, na wagonjwa 150 katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata sindano, pamoja na umeme. La pili lilipata umeme wenye nguvu kupitia vibandiko juu ya ngozi, bila sindano. La tatu lilipata vibandiko hivyo kwa umeme mdogo sana, usioweza kufanya kazi yoyote. Wote waliangaliwa sawasawa. Mwaka 2001 walitoa matokeo: baada ya miezi mitatu, na hata baada ya mwaka mmoja, makundi yote matatu yalikuwa sawa. Huko Göteborg nako, mwaka 1998, wagonjwa 104 walikuwa wamejaribiwa, wengine sindano za kuingia ndani, wengine za juu juu, wengine bila sindano. Tofauti haikuonekana.

China nayo imefanya majaribio mengi sana, na karibu yote yanasema sindano zinasaidia. Mtu atasema: basi Wachina wanajua zaidi, ni dawa yao. Huenda. Lakini watafiti wa Uingereza walipoyakusanya mwaka 1998 majaribio ya sindano yaliyofanywa China, waliona kwamba hakuna hata moja lililosema «hapana». Sisi tunaopima damu tunajua: mashine inayotoa jibu moja kwa kila mgonjwa ni mashine ya kuchunguzwa.

Kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kuyakusanya majaribio na kuyapima ubora, lilitazama jambo hili mwaka 2016. Lilihesabu majaribio 31 yenye watu 2257. Liliona kwamba sindano huenda zinasaidia kidogo mtu kujitegemea na mishipa ya fahamu kurudi, lakini mengi ya majaribio hayo ni madogo na hayakufanywa vema, na hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwaambia waganga wazitumie kwa kila mgonjwa. Wapo wengine walioona kwamba umeme kwa sindano, ukiongezwa juu ya mazoezi, unalegeza kidogo misuli iliyokazana, ule mkono unaojikunja kama wa mtu anayebeba mtoto. Hilo linaweza kuwa kweli. Ushahidi wake nao ni dhaifu.

Basi shauri letu? Ikiwa mgonjwa ameanza mazoezi, anameza vidonge vyake, na mahali pa sindano ni karibu, ni hospitali ya kweli, na bei haiumizi nyumba, hatumkatazi. Anaweza kupata nafuu ya maumivu ya bega au mkono kulegea. Lakini kuuza mali ya nyumba kwa ajili hiyo, hapana.

Mama mmoja alikuja mbele yetu na jambo hilohilo. Shemeji zake walitaka kuuza cherehani yake ili kaka yao apelekwe mbali kwa sindano kumi. Cherehani ndiyo ilikuwa inalisha watoto tangu baba aanguke. Tulimuuliza: «Mama, vidonge vya tansio anameza?» Akajibu: «Vilikwisha mwezi uliopita, tunaweka pesa ya sindano.» Tukamwita shemeji mkubwa, tukaongea naye kwa heshima, maana yeye ndiye mwenye neno katika jamaa. Tulimwonyesha tansio ya kaka yake kwenye mashine: 19 juu ya 11. Hakuhitaji maneno mengi. Aliuliza tu: «Mganga, vidonge hivyo ni bei gani?»

HATARI ZA KUJUA

Sindano isiyo mpya inaleta ugonjwa wa maini na ukimwi. Kila sindano itoke katika karatasi yake iliyofungwa, mbele ya macho yenu, itumike mara moja na itupwe. Mtu anayetoa sindano katika kopo au kuziosha kwa pombe, ondokeni. Mwenye mashine ya moyo chini ya ngozi asiguswe na umeme huo. Mwanamke mwenye mimba, mwenye kifafa, na anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, ni lazima waseme kabla ya kuanza. Sindano ya kifuani au ya juu ya bega ikichomwa vibaya inaweza kutoboa pafu. Limetokea hilo, na si mara moja.

Tena, upande uliopooza mara nyingi hausikii. Umeme ukiwa mkali hatalia. Ni sababu ileile inayotufanya tuwakataze kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto au kumweka karibu na mbabula. Tumefunga vidonda vya moto ambavyo mwenyewe hakujua alivipata saa ngapi.

MASHINE ILIYO NYUMBANI

Tumesema njia mpya ya ubongo inafunguka kwa kupita. Kazi hiyo haina haja ya Kinshasa wala Beijing. Mtu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, atawafundisha. Ninyi ndio mtakaoifanya kila siku, kwa maana yeye anamwona mgonjwa nusu saa tu, na siku ina saa 24.

Msianze kwa fujo. Utafiti mkubwa wa watu 2104 uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumsimamisha mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu katika saa 24 za kwanza kunaweza kumharibia. Siku hizo za kwanza, ageuzwe kitandani kila saa mbili ili ngozi isioze, na asipewe kitu cha kunywa kabla mganga hajajaribu kumeza kwake. Wengi wanakufa kwa pafu lililoingia uji, wala si kwa ubongo. Akianza kula, akae wima, ale kidogo kidogo, na uji mzito mara nyingi unamezwa kwa urahisi kuliko maji.

Kisha kazi inaanza. Kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa tena: mara tano asubuhi, kesho sita, baada ya juma mbili ishirini, na mtu pembeni yake upande ulio dhaifu. Kiti kiwe kigumu chenye miguu minne, si ile ya plastiki inayoteleza. Mkono nao upewe kazi ya kweli: kushika kikombe kisicho na maji, kufungua kitasa, kuambua karanga, kukunja nguo, kutengeneza tonge la bukari kwa mkono ule uliolala huku mkono mzima ukiuongoza. Atachelewa. Chakula kitapoa. Acheni kipoe. Jamaa zetu zina upendo, na upendo unamlisha mgonjwa kama mtoto mpaka mkono wake unasahau kila kitu.

Jambo moja tunaliona kila mara na linatuuma. Vijana wawili wanamwinua baba yao kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lisilo na nguvu ya misuli linateguka, na maumivu yake yanakaa miezi. Mshikeni kiunoni, au katika mkanda. Anapokaa, mkono ulale juu ya mto au meza, usining'inie. Vidole vifunguliwe taratibu mara nyingi kwa siku, hasa vikianza kujikunja.

Na yule asiyeweza kusema: amepoteza maneno, hajapoteza akili. Msiongee juu yake kama hayupo, msigawe vitu vyake mbele yake. Muulizeni maswali ya «ndiyo» na «hapana», ngojeni jibu. Kuimba mara nyingine kunatoka pale kusema kulipokwama, na wengine wanashangaa baba asiyetaja jina la bibi yake anaimba wimbo mzima wa kanisani. Ni ubongo, si muujiza. Mwacheni aimbe. Akilia bila sababu, au akikataa kula na kutazama ukuta, leteni habari kwetu: huzuni ya ugonjwa huu nayo ina dawa.

Kuhusu vidonge, tusizunguke. Aliyepooza mara moja anaweza kupooza tena, na mara ya pili ni mbaya zaidi. Tansio haiumi. Mtu anajisikia vizuri, anaacha vidonge, anasema amepona. Hakupona, vidonge vilikuwa vinafanya kazi. Vinamezwa kila siku, na tansio inapimwa. Tunataka iwe chini ya 14 juu ya 9. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyojificha katika makayabu. Lutuku iachwe, sigara iachwe.

MASWALI MAWILI YA MWISHO

«Mtu akianguka leo, tumpeleke kwanza kwa sindano?» Hapana. Mdomo umepinda, mkono umeanguka, maneno yamechanganyika: moja tu kati ya hayo linatosha. Mpelekeni hospitali papo hapo, hata usiku, hata kama dalili zimepita baada ya robo saa, na kumbukeni vema ni saa ngapi alikuwa bado mzima. Pale penye skana na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, dawa hiyo inatolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu ugonjwa uanze. Na hata pale isipokuwepo, kuangaliwa vizuri siku za kwanza kunaokoa watu. Msimchanje wembe, msimtie dawa ya haja kubwa, msimmiminie kitu mdomoni.

«Mzee wetu amepooza tangu miaka mitatu, je, amekwisha?» Njia nyingi zimekwisha kufunguka au kufungwa, na hatutamdanganya kwamba sindano au kitu kingine kitamrudisha mgodini. Lakini tumeona wenye miaka hiyo wakijifunza kuoga peke yao, au kutoka mpaka kwenye mlango kwa fimbo, baada ya miezi ya mazoezi. Mleteni siku ya Jumatano asubuhi, kine anakuwepo. Mje na kitabu chake cha hospitali, vidonge vyote anavyomeza ndani ya mfuko mmoja, hata vile vya sokoni, na mtu yule wa nyumbani anayemwogesha, kwa maana ni yeye atakayefundishwa.